Nilimwona shemeji nyuma ya jengo la hospitali, na harusi ni mfunguo mosi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 22, naishi Ngamiani hapa Tanga pamoja na mama, bibi mzaa mama, dada yangu na kaka zetu wawili. Dada anaolewa mfunguo mosi, inshallah. Posa imeshajibiwa, mahari imetolewa, na vikao vya harusi vinafanyika uani kwetu kila Jumapili. Mchumba wake ni fundi seremala, kijana mpole, anasali, hapiti mtaani bila kuwaamkia wazee. Tunamwita shemeji tangu barua ya posa ilipofika. Mama anampenda kama aliyemzaa.

Mwezi wa Rajabu nilimpeleka bibi kliniki ya presha, katika hospitali moja hapa mjini. Foleni ilikuwa ndefu, bibi akataka kujisaidia, na vyoo vya mbele vilikuwa vimefungwa. Mama mmoja wa usafi akatuelekeza tuzunguke nyuma. Nikiwa nje namsubiri bibi, nikamwona shemeji anatoka kwenye mlango wa CTC, kliniki ya watu wanaotumia dawa za virusi vya UKIMWI. Alikuwa ameshusha kapelo mpaka machoni, lakini mwendo wake naujua. Akaenda kwenye mwarobaini ulio karibu na shimo la taka, akachutama. Akatoa makopo meupe ya plastiki kwenye mfuko, moja moja, nadhani yalikuwa sita. Akamimina vidonge vya kila kopo kwenye kitambaa, akakifunga, akakitia ndani ya begi lake la kazi pamoja na randa na misumari. Kisha akabandua karatasi za makopo, akazichana vipande vidogo vidogo, akatupa vyote shimoni. Akatazama huku na huku, akaondoka. Mimi nilikuwa nimejibanza ukutani. Sidhani kama aliniona.

Shangazi, tangu siku ile sina raha. Shemeji anakuja nyumbani kama kawaida, wakati mwingine na samaki aliowapitia Deep Sea, na mimi siwezi kumtazama usoni. Juzi alikunywa chai kwetu. Alipoondoka nikakitenga kikombe chake nikakiosha peke yake kwa maji ya moto. Mama aliniona. Hakusema neno wakati ule, ila usiku akaniita chumbani akaniambia nina kijicho na dada yangu, kwamba harusi yake inaniuma. Nililia. Nilitaka kumwambia yote palepale ili ajue simwonei dada wivu, nikajizuia. Dada naye siku hizi hanihadithii mambo yake kama zamani. Nikiingia chumbani anazima simu.

Sijui nifanye nini. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikinyamaza na dada akaambukizwa, nitamjibu nini Mungu? Nikisema na ikawa nilikosea, nitakuwa nimevunja ndoa na kumharibia mtu jina, tena katika mji huu ambao habari ya barabara ya saba inafika barabara ya ishirini kabla ya adhuhuri. Sikwenda pale kutafuta siri ya mtu, nilimpeleka bibi tu. Nimwambie dada? Nimwambie mama ili aivunje harusi kimya kimya? Au nifumbe mdomo?

Mdogo wa bibi harusi,
Ngamiani, Tanga

*

Marahaba mwanangu,

Umebeba jambo zito tangu Rajabu, na hata mama alipokusingizia kijicho hukulitumia kujitetea. Ulikuwa unasukumwa na machozi na bado ukaulinda ulimi. Nakuomba uendelee kuulinda, kwa muda mfupi tu, mpaka tumalize kuzungumza.

Kila nikiisoma barua yako nakwama kwenye swali ambalo wewe hukuniuliza. Una hakika gani kwamba dada yako hajui? Wachumba wengi siku hizi huenda kupima afya kabla hata ya posa, na wapo ambao mmoja akikutwa na maambukizi na mwingine hana, hukaa wakazungumza, wakaamua kuendelea na kuifunga habari ile baina yao wawili. Umesema dada amepunguza kukuhadithia na anazima simu ukiingia. Inawezekana mama amemtia maneno. Inawezekana pia analinda jambo ambalo si lake peke yake. Kama anajua na ameridhia, halafu wewe ukamwendea mama, utakuwa umeanika siri ya watu wawili, na atakayelipa zaidi ni dada yako, kwa sababu atalazimika kuchagua kati ya mchumba na mama yake huku ukoo mzima unatazama. Kwa hiyo mama asisikie. Kaka zako wasisikie. Wala rafiki yako wa karibu, hata kama ni mtu wa kutunza neno.

Tuje kwenye ulichokiona. Umemwona mtu anatoka kliniki na dawa. Kliniki zile huwaruhusu watu kumchukulia dawa mzazi au ndugu asiyeweza kufika mwenyewe, na ziko pia dawa kinga, ambazo humezwa na mtu asiye na maambukizi ili asiyapate. Siyasemi haya ili ujifariji. Kwa namna alivyochana zile karatasi, nami naona uwezekano mkubwa ni kwamba dawa ni zake. Lakini kuona uwezekano na kujua ni vitu viwili, na jina la mtu likishachafuliwa halisafishwi kwa kusema samahani, nilidhani.

Yale makopo sita lakini yana habari yake. Mtu aliyeanza dawa karibuni kwa kawaida huitwa kila mwezi, wamwangalie anaendeleaje. Anayepewa dawa za miezi mitatu au sita kwa mkupuo ni yule ambaye wahudumu wamemwona anazingatia tarehe zake na vipimo vyake vimetulia. Kwa maelezo yako mwenyewe, basi, kama dawa ni zake, shemeji si mtu aliyekimbia ugonjwa wake. Ile methali uliyoitaja inamhusu anayejificha mpaka maradhi yakamla. Huyu yuko kwenye matibabu, na kwa dalili zote anayafuata vizuri.

Nieleze kidogo habari ya dawa hizi, maana hofu yako nadhani inatoka kwenye mambo tuliyoyasikia utotoni, wakati watu walipokuwa wakikonda na kufa mbele ya macho yetu. Nami nimewazika watu enzi hizo, sijasahau. Ila mambo yamebadilika. Tangu 2016 hapa Tanzania mtu akikutwa na virusi huanzishiwa dawa bila kusubiri kinga ishuke. Dawa za kufubaza zikimezwa kila siku bila kuruka, kwa wengi baada ya miezi kama sita virusi hupungua katika damu mpaka kipimo kinashindwa kuviona. Na mtu ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa tendo la ndoa. Jambo hili limefanyiwa utafiti mkubwa. Mmoja uliotangazwa 2011, uliohusisha jozi 1,763 za wenza katika nchi tisa, zikiwemo Kenya na Malawi, ulionyesha kuwa kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kati ya wenza kwa asilimia 96. Mwingine wa huko Ulaya uliotangazwa 2016 uliwafuatilia wenza jozi 888, katika kila jozi mmoja akiwa na virusi vilivyofubazwa, na hawakuwa wakitumia kondomu. Hakupatikana hata mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake. Shirika la Afya Duniani nalo lilisema wazi mwaka 2023 kwamba hatari hiyo haipo pale virusi visipoonekana. Watoto pia huzaliwa salama. Hata mama mwenyewe akiwa ndiye mwenye virusi, bila hatua yoyote hatari ya mtoto kuambukizwa ni kati ya asilimia 15 na 45, na kwa dawa inashuka chini ya asilimia 5.

Katika utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023, zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima wanaotumia dawa hizi nchini walikuwa wamevifubaza virusi. Kwa hiyo, mwanangu, wa kumwogopea dada yako zaidi ni mwanamume ambaye hajawahi kupima kabisa, na wa namna hiyo wanaoa kila Ijumaa bila mtu kuuliza.

Kikombe kile kioshe na vyenzake. Virusi hivi haviambukizwi kwa kikombe, sahani, mkono wala kwa kula sinia moja. Sikulaumu kwa ulichofanya, hofu ndiyo iliyokuongoza. Ila mfikirie kijana yule alivyochutama chini ya mwarobaini. Unajua kwa nini watu huzimimina dawa zile? Vidonge vikiwa ndani ya kopo vinachacharika, na mtu mwenye kopo kwenye begi anaogopa kila hatua anayopiga. Dawa zenyewe zinatakiwa zibaki ndani ya kopo lake, mbali na unyevu, wala si kwenye kitambaa pamoja na misumari. Yaani mtu anaihatarisha dawa inayomweka hai ili asisikike. Hiyo ni kazi ya macho yetu sisi tuliomzunguka, na inaniuma kuliko jambo lolote katika barua yako.

Pamoja na hayo, simwachii. Dawa zinamzuia kuambukiza, hazimpi ruhusa ya kunyamaza. Kama dawa ni zake na hajamwambia mchumba wake, anakosea, na anakosea jambo kubwa. Siku ya ndoa dada yako ataulizwa kama ameridhia. Ataridhia nini ikiwa hakijui anachoridhia? Huenda akisikia atasema ndiyo kwa moyo mweupe, na huenda atasema hapana, na yote mawili ni haki yake. Sheria ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 nayo inamtaka anayejua ana maambukizi amweleze mwenzi wake, na inahesabu kuwa ni jinai kumwambukiza mtu kwa makusudi. Sheria hiyohiyo inawafunga wahudumu wa afya wasitoe siri ya mgonjwa, na inakataza kunyanyapaa. Wewe si nesi, lakini ulichokiona ulikionea mahali mtu alipokwenda akiamini atalindwa. Ndiyo maana nakwambia, neno hili lina mtu mmoja wa kulisikia kwanza, naye ni shemeji mwenyewe.

Najua umeshtuka. Kumwendea mtu mzima, tena shemeji, ukamwambia nilikuona, si jambo jepesi kwa binti wa miaka 22. Lakini ukianzia kwa dada unamnyima shemeji nafasi ya kusema kwa mdomo wake, na unamfanya dada asikie habari ya mumewe mtarajiwa kama umbeya, pamoja na wasiwasi wako wote. Habari hii ikitoka kwa mwenyewe, dada atapata nafasi ya kuuliza maswali, na majibu anayo yeye: ameanza lini, vipimo vyake vikoje, daktari amesemaje.

Usimwite Bustani ya Jamhuri wala mahali popote pa faragha. Mtakaa kwenye benchi dakika tano na dada ataletewa habari nyingine kabisa. Usimwandikie ujumbe wa simu pia, simu huazimwa na ujumbe hubaki. Nenda karakanani kwake mchana, una sababu: mna stuli au meza ya kutengeneza kwa ajili ya harusi. Au siku atakapokuja kwenu msindikize mpaka kizingitini, watu wako barazani wanawaona lakini hawasikii. Sema kwa sauti ya kawaida: "Shemeji, Rajabu nilimpeleka bibi hospitali, nikakuona kule nyuma. Sijamwambia mtu na sikuulizi kitu. Nakuomba jambo moja tu, kabla ya ndoa wewe na dada mwende mkapime afya pamoja, na kama kuna neno la kumwambia, umwambie wewe." Halafu nyamaza. Usijaze ukimya kwa maelezo. Usimtishie, na usimpe siku mbili kama polisi, ila ajue kwamba unazungumzia kabla ya Ramadhani, siyo usiku wa kesha la harusi wakati mwali ameshatiwa hina na wageni wameshafika kutoka Pangani na Muheza.

Akikwambia dada anajua, mshukuru, mwombe radhi kwa kumshtua, na jambo limekwisha. Usimrudie dada kuhakikisha. Utajua kwa namna watakavyokuwa.

Akikwambia dawa ni za mtu mwingine, usibishane naye wala usimchunguze. Ombi lako linabaki lilelile, wapime pamoja, na mtu asiye na la kuficha halitamsumbua.

Akikasirika, au akalia, mwache. Pengine ni mara ya kwanza mtu wa nje ya kliniki kumtamkia jambo hilo. Mpe siku kadhaa.

Kuhusu kupima, mhimize dada yako kwa upande wako pia, na hapo huhitaji kumtaja shemeji hata kidogo. Ni jambo ambalo mdogo mtu anaweza kumwambia dada yake: "Mmeshapima?" Akijibu kwamba wameshapima, muulize kwa upole kama walikwenda pamoja, siku moja, wakapewa majibu pamoja. Vyeti vya kuletwa mfukoni nimevisikia vingi. Vituo vya serikali hupima wenza bure, mshauri akakaa nao wote wawili, na hakuna anayelazimishwa, sheria haikubali kumpima mtu kwa nguvu. Na mtu asidhani dawa zitamficha. Kipimo cha kawaida kinatafuta kinga ambayo mwili umeitengeneza dhidi ya virusi, kwa hiyo anayetumia dawa, hata kama virusi vyake vimefubazwa, kwa kawaida majibu yake bado yanaonyesha maambukizi. Kuna jambo moja la kuangalia: aliyeambukizwa karibuni sana anaweza kupima akaonekana hana, ndiyo maana washauri huwataka wengine warudie baada ya miezi mitatu. Hilo linamhusu dada sawa na shemeji, maana tumezungumza kana kwamba mmoja tu ndiye wa kupimwa.

Mama mwache na kijicho chake kwa sasa. Mwambie neno moja tu: "Mama, simwonei dada wivu, nina jambo langu linalonisumbua na litaisha." Ni kweli, na halimgusi mtu. Kikao cha Jumapili kaa mbele, andika michango, fanya kazi. Mama ataona kwa vitendo.

Limebaki lile ambalo natumaini halitatokea. Umesema na shemeji, siku zimepita, hajamwambia dada, anakwepa kwenda kupima, na dada yuko tayari kuolewa hivyohivyo. Hapo, na hapo tu, zungumza na dada yako. Mwite yeye peke yake. Mwambie ulichokiona na macho yako: mlango gani alitoka, makopo, vidonge. Usiseme "ana ugonjwa," maana hujui. Mwambie kwamba ulianza kwa shemeji na kwamba mama hajui. Mwombe asikubali ndoa kabla hawajapima pamoja. Kisha mwachie, hata kama atakukasirikia, hata kama ataamua kuolewa naye. Akitaka mtu wa kumsindikiza kliniki, nenda naye, na mkirudi nyumbani usimweleze mtu mlikotoka.